Nilivyoipigia King'ora Ovaroli Yangu

Maji yalikuwa yamekatika mtaani kwetu Kitengela, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Kwa kawaida mwenye mkokoteni hupita asubuhi na mitungi yake, lakini Jumapili ile hakupita, nami nilikuwa nimeshaloweka ovaroli yangu nyeupe ya kazi kwenye klorini ili kuondoa madoa ya ukungu. Maji yaliyobaki ndooni yalitosha kuisuuza mara moja tu, tena kwa ubahili. Nikaikamua, nikaianika. Upepo wa huku kwetu haupumziki, kwa hiyo ilikauka upesi. Jumatatu nikaivaa, nikaenda kazini.

Kiwanda chetu hutengeneza vitu vya usafi. Upande mmoja wa ukuta ni klorini ya kufulia na upande wa pili ni asidi ya kuoshea vyoo. Mimi nilikuwa upande wa asidi, nikisimamia mashine ya kujaza chupa. Mtu yeyote aliyeajiriwa pale alifundishwa jambo moja hata kabla ya kuonyeshwa choo kilipo: vitu hivi viwili havikutani. Vikikutana vinazaa gesi inayochoma macho na mapafu, gesi nzito inayotambaa chini kama moshi wa kuni mbichi, na ukiivuta ya kutosha huamki.

Aliyetufundisha ni afisa wa usalama, Mmaasai mrefu aliyelelewa Magadi, kwenye nyumba za kampuni, ambako baba yake alifanya kazi ya kuchimba magadi mpaka akastaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache na alipenda kuyarudia.

"Hata kipima gesi kinaweza kulala," alituambia. "Pua hailali. Ukinusa klorini upande wa asidi, usiulize, usichungulie. Piga king'ora, toka."

Nilimwamini. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Nililelewa hivyo kwetu magharibi, na sijawahi kuona haya kwa hilo isipokuwa siku ile.

Siku yenyewe kulikuwa na wageni. Meneja alikuwa anawatembeza wanunuzi wa maduka makubwa, wamevalishwa helmeti mpya zilizokuwa zikiwateleza vichwani. Jua lilikuwa limepanda na mabati yalikuwa yanatema joto. Nilianza kutokwa na jasho shingoni na mgongoni. Hapo ndipo nikainusa. Klorini! Si kwa mbali, ilikuwa karibu, puani kabisa. Niligeuka kuangalia tanki, nikaangalia mabomba, sikuona kitu. Harufu ikazidi. Nikawaona wale wageni wakija upande wangu wakicheka, na nikawaza kwamba wataanguka mbele yangu mmoja mmoja.

Sikuuliza. Nilikimbia kwenye kitufe chekundu nikakibonyeza kwa kiganja chote.

King'ora chetu hulia kama punda anayechinjwa. Watu waliacha mashine zikizunguka, wakakimbilia getini. Meneja alikimbia na wageni wake, mmoja akaangusha helmeti, mwingine akapoteza kiatu. Tulisimama nje ya geti kwenye vumbi, watu wote wa zamu ile, tukihema. Afisa wa usalama aliingia ndani amevaa barakoa ya gesi, kipima gesi mkononi. Alikaa huko muda ambao kwangu ulikuwa kama mwaka. Alipotoka alikuwa ameivua barakoa.

"Hakuna kitu ndani," alisema. "Nani alipiga?"

Niliinua mkono. Nikamweleza niliposimama na nilivyonusa. Nikamwambia, "Hata sasa bado nainusa, afande." Sijui kwa nini nilimwita afande.

Karibu yangu alikuwa amesimama mwanamke mmoja wa bohari ya maboksi, mzaliwa wa Ngong, mtoto wa wauza mitumba, mwenye sauti ya kuita wateja sokoni. Alininyooshea pua, akanusa, akarudi nyuma akiwa ameshika mdomo.

"Aki woi! Si ni huyu mama ndiye ananuka!"

Afisa alikuja, akainama, akaweka pua begani mwangu mbele ya watu wote. Sijawahi kunuswa na mwanamume mbele za watu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hii nguo ulifua na nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Na klorini."

"Ukasuuza?"

"Maji hayakuwa mengi."

Kicheko kilianzia kwa yule mwanamke wa Ngong, kikapita kwa wapakizi, kwa mabawabu, kikawafikia wageni, na mmoja wao alicheka hadi akashika magoti. Meneja peke yake hakucheka. Afisa alisubiri kinyamaze, akaniangalia, akasema kwa Kimaasai, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Ashe oleng." Asante sana. Watu wakadhani ananifanyia mzaha, wakaangua tena.

Kumbe hakuwa anafanya mzaha. Aliwageukia akiwa amekasirika. Alinyoosha kidole juu ya paa, kwenye ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakokwenda, ambao sisi tuliuita soksi.

"Angalieni soksi. Upepo unaenda wapi?"

Ulikuwa unakuja getini, usoni mwetu.

"Kama ingekuwa gesi ya ukweli, ingewafuata mpaka hapa mlipo. Mmekimbia na huo huo upepo. Mngekufa hapa hapa kwa geti mkicheka. Kuanzia leo tunatoka na mlango wa nyuma, tunapanda kule juu kwa ua. Mnaangalia soksi kwanza."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Lakini hakuna aliyerudi nyumbani kusimulia habari ya soksi. Walisimulia habari yangu.

Meneja aliniita ofisini. Hakunipigia kelele, na ingekuwa afadhali angenipigia. Alisema wanunuzi wameondoka, kwamba mashine ziliachwa zikimwaga asidi sakafuni, kwamba anaelewa nilikuwa na nia njema. Kisha akasema, "Siku nyingine, mama, hakikisha kwanza." Niliitikia ndiyo. Nilitoka pale nikiwa na maagizo mawili yanayopingana, la afisa na la meneja, na nilijua lipi linanilipa mshahara.

Jina jipya nililipata kabla ya chai ya saa nne kesho yake. Mama King'ora. Yule mwanamke wa Ngong ndiye aliyelibuni, na alikuwa na kipaji. Nikipita alikuwa anaziba pua na kuimba maneno ya afisa kwa sauti ya mahubiri: "Usiulize! Piga! Toka!" Wenzake wanajibu, "Toka!" Wiki moja baadaye afisa akaweka sheria mpya, kwamba ovaroli hazitachukuliwa nyumbani tena, zitafuliwa kiwandani. Ilikuwa sheria nzuri. Wengi wetu tulikuwa tunawafikishia watoto sumu za kazini kwa nguo hizo bila kufikiri. Lakini kila mtu alijua ilitoka kwa nani. Nilipokabidhi ovaroli yangu dirishani, mfuaji aliishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya.

Nyumbani mume wangu aliniliwaza siku ya kwanza. Yeye ni karani Nairobi, huondoka alfajiri na kurudi jioni akiwa amechoka, na mambo ya kuchekesha huwa hayamfikii mara nyingi. Kwa hiyo hili alilithamini. Ibada ya nyumbani ilipofanyika kwa jirani, baada ya maombi na wakati wa chai, nilimsikia akianza, "Mama watoto wangu alifukuza kiwanda kizima..." Akaigiza hata yule mgeni aliyepoteza kiatu. Watu walicheka, mchungaji akafuta machozi. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, nikawa nakitazama.

Njiani kurudi aliniuliza, "Umenyamaza?"

"Nimechoka tu."

"Si ni mzaha, mama. Watu wanakupenda."

Huenda walinipenda. Lakini aibu haiulizi kama unapendwa. Ilinikaa mwilini. Nilianza kuoga mara mbili kwa maji ya kununua. Nilianza kujinusa kabla ya kumsalimia mtu, na kwenye vikao vya usalama nilikaa nyuma nikawa siulizi kitu. Afisa alinisimamisha siku moja uani.

"Sopa," alinisalimu.

"Epa."

"Ungefanya vile vile tena, sindio?"

Nilimwambia ndiyo. Moyoni nilimchukia kidogo. Yeye alikuwa amenifundisha kupiga, lakini hakunifundisha nifanye nini na maisha yangu baada ya kupiga.

Nikaomba nihamishwe kutoka upande wa asidi. Wakanipeleka bohari ya maboksi, karibu na uwanja wa malori, chini ya mdomo wa yule yule mwanamke wa Ngong. Alinipokea kwa kuziba pua. Baadaye alinionyesha jinsi ya kukunja maboksi bila kukata vidole, na akawa ananigawia mandazi yake. Mzaha wake haukuwa na sumu ndani yake. Haukuwa na breki, basi.

Miezi ikapita. Siku ninayotaka kuisema lori la asidi lilifika baada ya chakula cha mchana. Mtu wetu wa kupokea mizigo ya namna hiyo alikuwa amekwenda mazishi. Dereva alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto, tulizoea kumwona. Alisubiri, akapiga honi, akaambiwa na mtu fulani ndani, "Unganisha tu, mzee, si unajua." Kwenye ukuta ule kulikuwa na midomo miwili ya mabomba, mmoja ukienda kwenye tanki la asidi, mwingine kwenye tanki la klorini. Ilikuwa imekaa bega kwa bega kama mapacha, ukubwa mmoja, na rangi zake zilikuwa zimebanduka kwa jua. Aliunganisha mpira wake kwenye ule wa klorini, akafungua koki.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati huo nilikuwa naziba maboksi kwa gundi. Harufu ilinijia.

Jambo la kwanza nililofanya ni kunusa mkono wa ovaroli yangu. Kisha ukosi. Ovaroli ilikuwa imefuliwa kiwandani, imesuuzwa vizuri, haikuwa na harufu yoyote ila ya sabuni. Sikuiamini. Niliinua mkono nikanusa kwapa. Macho yalikuwa yameanza kuniwasha na bado nilikuwa nimesimama pale, pua kwapani, nikijiuliza nimekosea wapi safari hii. Kitufe chekundu kilikuwa ukutani, karibu kiasi cha kukifikia kwa hatua chache.

King'ora kikalia.

Niligeuka. Mwanamke wa Ngong alikuwa amekilalia kitufe kwa mikono yote miwili, akipiga kelele kwa ile ile sauti yake ya mahubiri, "Usiulize! Piga! Toka! Toka nyinyi! Toka!" Watu walitoka. Sikuona mtu akisita. Wimbo waliuzoea, miguu ikatii. Mtu mmoja akapaza sauti, "Soksi!" na vichwa vyote vikainuka kuangalia juu ya paa, kisha tukatoka kwa mlango wa nyuma tukapanda hadi kwenye ua. Mtu alinivuta mkono. Nadhani ni yeye.

Kutoka kule juu tuliiona. Ilikuwa ya kijani iliyochanganyika na manjano, ikitambaa chini uwanjani polepole kama inatafuta kitu. Ilipita chini ya lori, ikafika getini, ikazunguka kibanda cha bawabu. Bawabu alikuwa amesimama nasi. Alivua kofia akaishika kifuani.

"Pale," alisema, "ndipo tulisimama siku ile."

Afisa wa usalama alikuwa amevaa barakoa na chupa ya hewa mgongoni, akaingia ndani ya ile gesi na mwenzake mmoja. Walifunga koki. Walirudi wakimburuta dereva, kofia yake imeanguka, anakohoa kikohozi cha kukata roho, mate yakimtoka kama povu. Walimmwagia maji machoni. Akakimbizwa hospitali. Wengine wachache tuliokuwa karibu tulipelekwa pia, tukavutishwa hewa kwa mpira puani, tukarudi nyumbani jioni macho yakiwa mekundu. Hakuna aliyekufa.

Meneja aliitisha mkutano. Alimsifu yule mwanamke wa Ngong, akamwita mbele, akamwuliza alijuaje la kufanya. Hakuwa na haya ya kusema mbele za watu, lakini siku hiyo aliangalia chini.

"Sikufikiria hata," alisema. "Nilikuwa nimeshaikariri kwa kumcheka huyu." Akaninyooshea kidole.

Watu wakanigeukia, wakapiga makofi. Kuna makofi yanayouma kuliko kicheko. Meneja naye alipiga, na sikujua kama anakumbuka aliyoniambia ofisini. Nilisimama, nikasema asante, nikakaa.

Baadaye tulikuwa wawili tu bohari, tukikunja maboksi. Aliacha kukunja.

"Nilikuona," alisema. "Ile siku. Ulikuwa unajinusa."

Niliweka boksi chini. "Uliniona?"

"Niliona macho yako yanalia na wewe unanusa kwapa. Nikajua ni mimi nilikufanya hivyo. Aki mathe, hiyo picha haitoki." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Niko na binti anakua. Nikafikiria mtu amfanye hivyo."

 Nilimwambia akunje maboksi, lori linakuja. Tangu siku hiyo hakuniita tena Mama King'ora. Aliyerithi mzaha alikuwa mwingine. Ilisemekana kosa ni la dereva, kampuni yake ikamwachisha kazi, na wakati wa chakula vijana wa upakizi wakaanza kumwita Baba Gesi. Walikuwa wanaigiza alivyokuwa akikohoa. Niliwasikiliza siku moja, siku ya pili. Siku ya tatu nilinyanyuka na sahani yangu nikaenda kukaa kwingine, na hata hivyo sikusema neno.

Ndiyo maana nilimtafuta yule dereva. Afisa alinielekeza kwao Illasit, chini ya mlima, ambako mkewe hulima nyanya. Nilikwenda Jumamosi, nimebeba sukari na majani ya chai. Mkewe alinikaribisha kwa heshima, lakini mwenye nyumba hakuonekana. Alikuwa ameniona nikija akaenda kujificha bandani, kati ya makreti.

"Toka, baba," mkewe alimwita. "Ni mgeni tu."

Alitoka taratibu. Alikuwa amekonda. Alikaa mbali nami na kuzungumza kwa vipande, akipumzika katikati. Aliuliza kuhusu watu wa kiwandani mmoja mmoja, kama mwenye kuulizia jamaa zake. Kisha akasema, "Mimi siendi hata sokoni. Watu wanajua."

"Hata mimi walinicheka," nilimwambia, na nikamsimulia ya ovaroli. Nilitumaini atacheka. Hakucheka. Alitikisa kichwa tu.

"Wewe hukuumiza mtu," alisema.

 Kisha akauliza, "Ile midomo ya bomba, waliiacha tu?"

"Walibadilisha. Wa asidi sasa ni mdogo na una meno tofauti. Mpira wa asidi hauwezi kuingia kwa klorini hata ulazimishe. Tena una kufuli, na ufunguo anao afisa."

Alifikiria sana.

"Ilichukua muda kubadilisha?"

"Asubuhi moja," nilisema, na papo hapo nikatamani ningesema uongo.

"Asubuhi moja," alirudia. Mkewe aliacha kumimina chai. "Sasa mbona walisema ni mimi?"

 Mimi si mwenye kiwanda, lakini mshahara wa kiwanda ndio ulioninunulia ile sukari iliyokuwa mezani, na niliona haya kwa niaba ya watu ambao hawakuwa na mpango wa kufika pale kuona haya wenyewe. Nilimwambia nitamwomba afisa azungumze na kampuni yake. Nilifanya hivyo, na afisa akazungumza. Mpaka leo hawajamrudisha, ingawa walikubali kulipia matibabu yake.

Nilipokuwa namaliza chai niliona kwenye rafu, kati ya chumvi na mafuta ya kupikia, chupa ya soda iliyojaa kitu cheupe kama maziwa. Haikuwa maziwa. Nilikijua kile kitu kwa harufu, ni dawa ya kunyunyizia nyanya. Watoto walikuwa wanaingia na kutoka.  Mgeni gani huyu anayekuja kunusa nyumba za watu, na mwenye nyumba ni mtu aliyekwisha kuvunjwa na jambo kama hilo hilo? Nilimeza chai yote iliyobaki.

"Mama," nikamwambia mkewe, "ile chupa ni ya dawa?"

Alisimama kidogo. "Ni ya shambani. Tuligawiwa na jirani, haikuwa na chombo."

"Mtoto anaweza kuidhania maziwa."

 Mama yule hakufurahi, na sikumlaumu. Dereva ndiye aliyeinuka, akaichukua ile chupa, akatoka nayo, akikohoa njia nzima hadi bandani, na tulimsikia akisogeza makreti kuitafutia mahali. Aliporudi alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, akakaa.

"Mwongezee mgeni chai," alimwambia mkewe.

Aliniongezea. Hakuniangalia usoni mpaka nilipoaga.